Ishara ya Sikio la Kulia

Siku Mtoro alipokuja kuniposa, shangazi yangu Bi Zamda alikuwa amevaa mkufu wa makombe ya chaza shingoni, ameufunika kwa kanga mbili, na alikuwa ameniapia kwamba hatacheka. Makombe yakigongana hulia, na baba yangu hakuwa kiziwi.

Mkufu ule ulikuwa adhabu. Pale Mchakamani, anayefungwa karata huvishwa mkufu, na havui wala hatoki kisiwani mpaka maji ya kesho yajae. Jana yake mimi na Mtoro tulikuwa tumemfunga shangazi na mwenzake mkono baada ya mkono, bila huruma. Nilimwomba auvue kwa heshima ya posa.

"Posa yako, adhabu yangu," akanijibu. "Usinichanganyie mambo."

Hapa lazima nieleze kidogo, maana ukisikia mwari amecheza karata na mwanamume aliyekuja kumposa, unaweza kudhani nililelewa na nyani.

Tulikuwa wakimbizi. Mwaka ule vita vilipotoka upande wa Ngarambe vikashuka bondeni, sisi watu wa Kibiti tuliona moshi siku mbili, na siku ya tatu baba akakunja mikeka. Baba yangu, Mzee Zaidi, alikuwa mkulima wa mpunga, mrefu, mkavu, mtu wa kucheka mara moja kwa mwaka tena kwa bahati mbaya. Mama yangu, Mwanamina, tulikuwa tumemzika miaka saba nyuma. Kwa hiyo baba alinichukua mimi na dada yake mkubwa, Bi Zamda, tukashuka na mtumbwi mpaka mto unapogawanyika kwenye mikoko, tukafikia kambi ya wakata boriti iliyoitwa Mchakamani. Kambi yenyewe ilikuwa nyumba tatu na tope.

Mikoko hukatwa maji yakitoka. Yakijaa, mkataji hana la kufanya ila kukaa ukingoni na kungoja. Sasa mashua za kununua boriti zilikuwa zimeacha kuja kwa ajili ya vita, na vijana wengi wa kambi walikuwa wamechukuliwa kubebeshwa mizigo. Waliobaki ni wawili: Mtoro na ami yake Huseni. Huseni alikuwa na karata alizonunua kwa baharia, zikiwa zimepungua moja, na pengo lake ameliziba kwa kipande cha gome la mkoko. Lakini karata zetu huchezwa na watu wanne, wawili kwa wawili, mwenzako amekaa mbele yako.

"Miye najua kidogo," shangazi akasema.

Uongo. Shangazi alizichanga karata zile zikalia kama njiwa wanaoruka, Huseni akasahau kufunga mdomo. Halafu akaniita mimi niwe wa nne. Baba hakujua lolote, maana kila asubuhi alivuka kwenda kusomesha watoto Kurani chuoni kisiwa cha pili, akarudi baada ya alasiri.

Nikakalishwa mbele ya Mtoro.

Mtoro alikuwa kijana mweusi, mpole, kifua cha shoka, viganja vyekundu kwa maji ya magome, wekundu usiotoka hata umsugue kwa mchanga. Nilitakiwa nimtazame. Hilo ndilo watu wasiocheza hawalielewi. Msichana aliyelelewa hakazii macho mwanamume. Ila kwenye karata kusema hairuhusiwi, na usipomkazia macho mwenzako mtafungwa. Basi nikamkazia, kwa kutimiza wajibu, siku ya kwanza, na ya pili, na kufika siku ya tano nilikuwa natimiza wajibu hata tukiwa hatuchezi.

Nikajifunza lugha nzima. Ree ndiye mkubwa wa rangi yake, iwe kopa, uru au shupaza. Turufu ni rangi iliyochaguliwa, inakula zote. Garasa ni karata isiyokula kitu, ipo ipo tu kama shemeji aliyekuja kusalimia akahamia. Kulamba dume ni kuokota karata nzuri usiyoitarajia. Mzungu wa nne ndiye mfalme, na siku moja Huseni alipopiga ukelele juu ya maji kwamba amemuua mzungu wa nne, mtumbwi uliokuwa ukipita uligeuza ukarudi ulikotoka. Tangu siku hiyo wazungu wote wa kwenye karata tukawaita wakwe.

Na kulikuwa na ishara. Ukishika sikio la kulia, unamwambia mwenzako: turufu kubwa ninayo mimi, cheza bila hofu. Ukifuta jasho: pita, usitoe kitu. Ishara hizo ni za mto mzima, na shangazi alizijua zote, alitusoma mpaka ndani ya matumbo. Ndiyo maana siku mbili kabla ya posa mimi na Mtoro tukapatana kuzibadilisha. Sikio likawa pita. Jasho likawa turufu.

Ila kabla ya kuzibadilisha, asubuhi moja nilikuwa nimeinama kuteka maji, na Mtoro alikuwa amesimama kwenye mtumbwi wake, shoka begani, anakwenda zake kazini. Hapakuwa na karata wala mkeka. Akaniangalia, akashika sikio la kulia. Mtungi uliniponyoka. Shangazi aliniuliza umevunjikaje, nikasema kaa aliniuma.

Sasa uone balaa. Jioni ya Jumatano baba alirudi na salamu kutoka Chumbi. Mzee Sadala, mkulima mwenye maghala mawili na wake wawili, alikuwa anatuita twende kwake, kwa sharti kwamba mimi niwe wa tatu. Baba hakukataa. Alisema watu wanakula mizizi huko juu, na ghala ni ghala. Tutaondoka Ijumaa alfajiri maji yakianza kupanda, tupande nayo.

Usiku sikulala. Asubuhi nikamwambia shangazi, shangazi akamwambia Huseni, Huseni akatafuta kofia safi. Alhamisi hiyo hiyo, baada ya alasiri, wakapiga hodi.

Niliwekwa nyuma ya kiambaza cha makuti, nikapata tundu la kiasi cha yai. Baba alinipa mgongo. Mtoro alikaa akielekea tunduni, kanzu ya kuazima imemfika magotini. Tukaonana.

"Mzee Zaidi," Huseni akaanza, sauti imenyooka kama ya mtu aliyejifunza maneno njiani, "siye tumekuja kwa kheri. Tumepita hapa tumeona ua limechanua."

"Ua gani? Hapa pana tope," baba akasema.

"Ua... la ndani ya nyumba."

"Sema unamtaka Mwanahawa. Maji hayangoji."

"Tunamtaka Mwanahawa."

"Haya. Kunywa kahawa."

Shangazi akamwinulia kikombe. Huseni alikuwa na wasiwasi, na mtu mwenye wasiwasi hurudi kwenye yale aliyoyazoea.

"Napita," akasema.

"Unapita wapi?" baba akauliza.

"Nasema... nilipitia kwa jirani, nimeshakunywa."

"Jirani yupi? Kisiwa hiki nyumba tatu, mbili zenu."

Shangazi akabana midomo. Chini ya kanga makombe yakalia, cha cha cha.

"Nini hicho?" baba akageuka.

"Kifua," shangazi akasema. "Tangu tufike kwenye unyevu huu kinalia chenyewe."

Baba akasogeza sinia la muhogo. Akamwambia Mtoro, kwa kuwa ndiye mdogo, awagawie watu. Nikafumba macho. Nilijua. Na kweli, Mtoro akalamba kidole gumba, akaanza kwa aliyekuwa kuliani kwake, kipande kimoja kimoja, haraka, akazunguka, akazunguka tena, na kipande cha mwisho akakigeuza juu katikati ya sinia, kama mtu anayeonyesha turufu.

Baba akakitazama kipande kile.

"Umezoea kugawa," akasema.

"Nagawa samaki kambini, mzee."

"Kwa kulamba kidole?"

"Samaki wanateleza."

Cha cha cha, kifua cha shangazi.

"Zamda, ukimaliza hapa kajipake mafuta." Baba akakaa sawasawa. "Kijana, nitakuuliza kama baba. Una mpunga?"

"Sina, mzee."

"Una nini?"

"Nina shoka. Nina mtumbwi. Nina mikono hii."

"Sadala ana maghala mawili."

"Nimesikia."

"Vita vikiendelea mwaka mzima, mwanangu atatafuna boriti?"

Mtoro aliinamisha kichwa. Alipokiinua alisema polepole, na hakuwa anaigiza kitu.

"Mzee, tangu mje hapa hamjalala na njaa hata siku moja. Kaa wapo, samaki wapo, chaza wapo, miye nawafuata kila maji yakitoka. Huko juu mashamba yanachomwa. Ghala linaonekana kutoka mbali, na kila mwenye njaa au mwenye bunduki atalipitia. Kwetu hapa haji mtu. Atafuata nini, tope? Nampenda Mwanahawa. Sina la kumpa ila asiwe mahali panapowaka."

Sikuwa nimemsikia akisema maneno mengi kiasi hicho kwa mara moja. Machozi yalinilenga, nikayafuta kwa ncha ya kanga haraka nisikose kuona. Mgongo wa baba ulikuwa umelegea. Namjua baba kwa mgongo wake kuliko kwa uso. Nikasema moyoni, tumempata.

"Umesema vizuri," baba akasema. "Limebaki swali moja, nalo ndilo kubwa kwangu. Unacheza karata?"

Huseni akakishika kile kikombe alichokikataa.

Kila mtu aliyewahi kukaa na baba anakijua kisa chake cha karata. Ami yangu Khamisi, mdogo wake baba, alikuwa analinda mpunga dunguni, kwenye kile kibanda cha juu ya miti tunachokaa kufukuza wanyama, akacheza karata na majirani mpaka viboko wakaingia wakala shamba lote. "Karata zilikula mpunga wangu," baba alikuwa akisema, na baada ya hapo hakuna aliyethubutu hata kuzitaja.

Swali hilo tulilitarajia, na jibu tulilipanga. Mtoro asijibu. Anyamaze, amwachie Huseni, na Huseni aseme kwamba kijana huyu toka asubuhi mpaka jioni yuko na shoka lake. Halikuwa uongo, lilikuwa kweli iliyokatwa mkia. Nikaona Mtoro anahangaika, macho yamenitafuta tunduni. Nikasogeza uso, nikashika sikio la kulia. Pita.

Uso wake ukafunguka. Nikauona ule mwanga ambao nilikuwa nauona mkekani kila nilipokuwa na ree, na mkono ukaniganda sikioni. Alikuwa amesahau.

"Nacheza, mzee," Mtoro akasema, kwa sauti kubwa, kwa furaha. "Nacheza kila maji yakijaa. Nacheza na ami yangu huyu, na dada yako, na mwanao. Na mwanao ndiye anayecheza vizuri kuliko siye sote."

Huseni alivua kofia akajifunika nayo uso.

Nilihesabu pumzi zangu. Niliona mtumbwi, niliona mto, niliona maghala mawili ya Sadala na mimi ndani ya mojawapo nikipepeta mpunga mpaka nife.

"Mwanahawa," baba akaita bila kugeuka.

"Labeka, baba."

"Umeshika sikio?"

Alikuwa ameyafuata macho ya Mtoro. "Nimeshika, baba."

"Lipi?"

"La kulia."

"Basi ni weye uliyemwambia atoe turufu."

"Hapana, baba. Sikio sasa ni pita. Tulibadilisha juzi."

"Mkabadilisha na nini?"

"Na jasho."

"Kwa nini?"

"Shangazi alikuwa anatusoma."

Baba akamgeukia Mtoro. Uso wake ulikuwa umebadilika, ukali wake umehamia mahali pengine.

"Ishara mmebadilisha juzi. Leo umesahau."

"Nimesahau, mzee."

"Juzi na leo."

"Niliona sikio, nika..."

"Sikiliza, kijana. Ishara ikibadilishwa, siku hiyo hulali. Unairudia ukila, unairudia ukioga, sikio pita, jasho turufu, mpaka mkono wenyewe uzoee. Huwezi kumwachia mwenzako mkononi karata kubwa halafu weye huku kichwa kimerudi juzi. Mwanangu nitamwozaje mtu asiyekumbuka isha..."

Hapo akayasikia maneno yake mwenyewe. Mkono wake ulikuwa umebaki hewani, vidole vimeshika karata zisizokuwapo.

Shangazi alikuwa amevumilia saa nzima. Sasa akaachia. Alicheka mpaka kanga ya kwanza ikadondoka, kisha ya pili, na mkufu wa makombe ukaonekana wote ukirukaruka kifuani.

"Kifua hicho kina makombe," baba akasema kwa unyonge.

"Nilifungwa jana na mwanao. Weye acha makombe. Nani alikufundisha sikio, Zaidi?"

"Kila mtu anajua sikio."

"Khamisi hajui. Khamisi maisha yake hajashika karata, hata bao analiogopa. Mwambie mwanao nani alikuwa dunguni. Au nimwambie miye?"

Baba aliinama akaokota kipande cha muhogo kilichogeuzwa, akakishika bila kukila.

"Nilikuwa miye," akasema. "Miye na Mwanamina."

Nilikuwa sijamsikia akilitaja jina la mama miaka saba. Nikatoka nyuma ya kiambaza bila kuitwa, na hakuna aliyenikataza.

"Tulicheza na jirani na mkewe. Mama yako alikuwa ameshika ree ya kopa na turufu ni kopa. Viboko tuliwasikia, si kwamba hatukuwasikia. Akaniambia, tumalize mkono huu kwanza. Tukawafunga. Tukashuka, hakuna mpunga. Mama yako alicheka mpaka akakaa kwenye tope. Mwaka ule tulikula mihogo na maembe mabichi, na sikumbuki mwaka mwingine niliofurahi namna ile."

"Na ami Khamisi?" nikauliza.

"Alikubali kubeba lawama. Nilimpa mbuzi."

Hata Huseni alishusha kofia.

"Alipokufa nikaziacha," baba akasema. "Watu walidhani nimeshika dini sana. Ningekaa mbele ya nani?"

Nilitamani nimshike mkono, lakini yeye si baba wa kushikwa mkono mbele ya wageni. Akajikohoza, akamtazama Huseni.

"Ziko wapi?"

"Ziko wapi nini, mzee?"

"Huseni."

Huseni akageuza kofia, karata zikatoka kwenye bitana yake. Baba akazipima kiganjani.

"Imepungua moja."

"Mzungu wa pili wa uru," Huseni akasema. "Ametiwa gome."

"Mkwe," shangazi akamsahihisha.

Baba akalitazama gome, akatazama alama nyekundu za vidole vya Mtoro kwenye karata zote hamsini na moja, akaanza kuchanga. Zikalia zaidi ya zilivyolia kwa shangazi.

"Sikilizeni nyie," akasema. "Mwanangu simwozi kwa karata, hii si kamari. Mkinifunga si kitu, nikiwafunga si kitu. Nataka kuona mnavyokaa. Zamda, njoo mbele yangu. Huseni, weye umeshindwa ushenga, kaa utazame."

Huseni alikaa kando amenuna.

Turufu ikatoka kopa. Baba alicheza kama mtu aliyerudishiwa mguu. Alikula, akakata, akamnunia shangazi, akamsifu, akamnunia tena. Tulikuwa tumekwenda sawa mpaka karata mbili za mwisho. Mkononi mwangu nilibaki na mkwe wa nne wa kopa na garasa moja la shupaza. Ree ya kopa ilikuwa haijatoka. Shangazi alikuwa ametupa yake, ikawa zamu yangu. Kama ree ilikuwa kwa Mtoro, nilikuwa niachie mkwe bila hofu. Kama ilikuwa kwa baba, nilikuwa nimfiche mkwe, nitupe garasa.

Nikamtazama Mtoro. Mtoro akashika sikio la kulia.

Sasa sikio lipi? La juzi, pita? Au la mto mzima, turufu ninayo? Nusu saa tu iliyopita alikuwa amesahau mbele ya watu. Nikasema moyoni, huyu ndiye mwenzangu, kichwa chake nakijua, kikiwa na hofu kinarudi kwenye la zamani. Sitamlaumu. Nitamfuata huko huko alipo. Akatingisha sikio tena, macho yananisihi. Nikampenda kwa kusahau kwake.

Nikatupa mkwe.

Baba akaiweka ree ya kopa juu yake, taratibu, kama anayemfunika mtoto shuka.

"Ilikuwa pita," Mtoro akaniambia kwa sauti ya chini. "Safari hii nilikumbuka."

"Nilidhani umesahau tena. Nikaona nikufuate."

"Na miye nilikumbuka kwa ajili yako."

Tukatazamana, tumefungwa, wajinga wawili. Kisha nikasikia sauti nisiyoijua. Baba alikuwa anacheka. Alicheka akiwa ameinamia mkeka, mabega yanamtikisika, anajifuta macho kwa kiganja, na alipojaribu kusema alishindwa akaanza upya.

"Hivi hivi," akasema hatimaye. "Miye na Mwanamina, hivi hivi. Yeye anakuja kwangu, miye nakwenda kwake, tunapishana njiani. Tulifungwa na kila mtu Kibiti."

Akanyoosha mkono, akauvua mkufu shingoni mwa dada yake. Ulikuwa mrefu. Akaupitisha kichwani mwangu, akauvuta, akaupitisha kichwani mwa Mtoro, ikatubidi tusogeze mashavu. Kanzu yake ya kuazima ilinukia magome.

"Masharti ni yale yale?" baba akamuuliza Huseni.

"Yale yale, mzee. Havui wala hatoki kisiwani mpaka maji ya kesho yajae."

"Vizuri. Yakijaa, vuka ukamlete shehe. Atakapomaliza ndipo wavue."

"Na safari ya Chumbi?" shangazi akauliza. "Si alfajiri, maji yakianza kupanda?"

Baba alikuwa ameshaanza kuchanga tena.

"Safari gani? Huoni watoto wana adhabu? Sadala nitampelekea salamu. Gawa, Zamda, weye ndiye unayefuata."

Makombe yalikuwa yanalia kila mmoja wetu alipopumua. Mtoro akageuka kidogo, kadiri mkufu ulivyomruhusu, akashika sikio la kulia.

"La juzi au la zamani?" nikamuuliza, kwa sauti, mbele ya baba yangu.

"La zamani," akasema.